Kitanda Kisichopoa

Jumapili, mchana. Baridi ya Julai bado iko, na mawingu yamekaa chini tangu asubuhi kama kifuniko cha sufuria.

Sijaenda kanisani. Nilimwambia Mama Brayo, jirani yangu wa mlango wa pili, kwamba nina nguo nyingi za kufua, na sikumdanganya, ziko hapa miguuni pangu zimeloweka. Lakini hata kama singekuwa na nguo singeenda. Baada ya yale ya jana pale kwa chifu kila mtu ana neno la kuniambia, na mimi leo sina nguvu ya maneno ya watu. Ya kwangu mwenyewe yananitosha.

Nimekaa mlangoni na simu. Ndani wamelala wawili, Kimani bwanangu, na Nyambura wetu ambaye anakaribia miaka mitatu. Nawasikia wakipumua. Kimani anavuta pumzi ndefu, ya mtu aliyebeba. Ya Nyambura ni fupi, na mwisho wake kuna kitu kinapiga filimbi kidogo. Hiyo filimbi naisikia hata nikiwa sokoni.

Wacha niandike kuhusu kitanda, kwa sababu kila kitu kimeanzia hapo.

Kimani anafanya kazi kwa hii kampuni ya chuma iliyo nyuma yetu, hapa Ruiru, ukiwa unaelekea Thika. Ni mtu wa tanuru. Malori yanaleta skrapu kutoka kila mahali, mabati ya zamani, rimu za magari, mageti, hata vitanda, na wao wanaiyeyusha iwe chuma cha kujengea maghorofa. Kuyeyusha kunafanywa usiku, maana stima ya usiku ni nafuu na tanuru linakula stima kama mtaa mzima. Mchana ni kazi ya kunyoosha na kukata. Kwa hivyo mtu wa kunyoosha hulala usiku kama wakristo wengine, na mtu wa tanuru analala jua likiwaka.

Jioni anaondoka nikiwa napika. Asubuhi anarudi nikiwa nafunga mtoto leso. Mimi natoka kitandani, yeye anaingia, na blanketi bado lina joto langu. Usiku mimi nikiingia, naukuta mto wake na harufu ya moshi na sabuni ya kipande. Kitanda chetu hakipoi. Mtu asiyejua anaweza kusema hawa wanapendana sana.

Tunapendana. Lakini mimi nalala na shimo aliloliacha kwenye godoro.

Tulipooana tulikaa Juja. Alikuwa kibarua kwenye mijengo ya hosteli za wanafunzi, na kila jioni alirudi na simiti kwenye nyusi kama mzee. Tulikuwa tunakula githeri kwa sufuria moja ili tusichafue sahani. Kisha anaanza kunisimulia kitu, fundi alivyogombana na mwenye mjengo, na kabla hajafika mwisho amelala, katikati ya neno. Halafu anakoroma. Nilikuwa namsukuma na kiwiko. Nilikuwa nalalamika kwa mama, kule Kalimoni, kwamba huyu mtu hanipi usingizi.

Leo ningelipa mtu anirudishie ule mkoromo.

Najua kuna wanawake ambao waume zao wako Uarabuni. Najua kuna wajane. Najiambia hivyo kila siku. Wangu namwona kwa macho, nampakulia chakula, naosha ovaroli yake iliyojaa matundu ya cheche. Lakini kumtamani mtu ambaye amelala mbele yako, ukitembea kwa vidole usimwamshe, hiyo sijui inaitwaje. Kuna siku nasimama tu hapo katikati ya chumba na ufagio, namwangalia. Kisha naenda kufagia nje.

Na mtoto ndiye ameshika hiyo adabu kuliko mimi.

Nyambura amebeba jina la mama yake Kimani, kama ilivyo kwetu, msichana wa kwanza ni wa nyanya ya upande wa baba. Kwa hivyo Kimani hamwiti kwa jina. Anamwita maitũ, mama, na anamaanisha. Hamkaripii. Hawezi kula kabla hajamkaribisha. Mtu akimwona akimpa kile kitoto mkono kila asubuhi, "Umeamkaje, maitũ," atacheka, lakini mimi huona raha.

Kasoro ni kwamba mtoto anamjibu kwa kunong'ona.

Ni mimi nilimfundisha. Tangu ajue kutembea nimekuwa nikimwekea kidole mdomoni: shh, baba amelala. Cheza nje, baba amelala. Usidondoshe kikombe, baba amelala. Chumba ni kimoja na pazia, ningefanya nini. Sasa akimwona baba yake tu, hata akiwa amesimama wima anakunywa chai, sauti inashuka yenyewe. Kwa nyanya yake Kalimoni anapiga kelele mpaka kuku wanakimbia. Hapa nyumbani baba ni kitu cha kunong'onewa.

Sikuwa nimeliona hilo vizuri. Nimeliona jana, na watu wengine wote wakaliona pamoja nami.

Kwanza niseme juu ya kifua. Kuyeyusha kukiendelea, moshi unatoka, na Julai hii hewa nzito haiupandishi, unashuka kwetu. Sisi wanawake wa ploti hii ya vyumba vya kukodi tunajua. Hakuna anayeacha nguo kwenye kamba jua likishazama. Tunafunga madirisha, tunaweka matambara chini ya mlango. Asubuhi ukipitisha kidole juu ya pipa la maji kinatoka cheusi. Watoto wamepata sumaku ya spika ya redio iliyoharibika, wanaifunga kamba na kuiburuta barabarani, na ikirudi imeota manyoya meusi ya vumbi la chuma. Nyambura anaiita paka. Anaipapasa. "Mama, paka wangu ameshiba."

Nilicheka siku ya kwanza. Kisha nikajiuliza, kama sumaku inapata yote hayo chini, kifua kinapata nini juu.

Mara mbili tumeenda naye Thika hospitali kuwekewa ile mashine ya mvuke usoni. Daktari aliuliza tunapikia nini. Nikasema gesi. Akauliza tunakaa wapi, nikamwambia, naye akaacha kuuliza, akaandika dawa.

Kilichotuokoa mpaka sasa ni mchana. Mchana tanuru limezimwa, mtoto anatoka nje, anapumua, anacheza na paka wake. Usiku tunajifungia, mchana tunafungua. Hivyo ndivyo tunavyoishi na ile kampuni.

Sasa kampuni inataka kupanuka. Wamenunua kile kipande cha shamba kilichobaki pale upande wa mto, wameleta laini yao ya stima, wanataka kujenga tanuru la pili. Likiisha watayeyusha usiku na mchana. Kazi zitaongezeka, na vijana wa hapa wameahidiwa. Na watu wa tanuru watabadilishana, wiki ya usiku, wiki ya mchana.

Nisome tena hapo mwenyewe. Wiki ya usiku, wiki ya mchana.

Kimani aliniambia hiyo habari amesimama mlangoni, buti moja mguuni na nyingine mkononi. Sapavaiza, msimamizi wao, alikuwa amemwambia yeye ni mzoefu, atakuwa kwenye kundi la kwanza la mchana. "Mama Nyambura, utanichoka," akasema. "Utarudi kwa mama yako useme huyu mtu hanitoki mbele ya macho." Nikamwambia aende kazi, amechelewa. Alipoondoka niliketi kitandani nikalia kama mjinga, kwa furaha. Nilikuwa nimeshaanza kupanga. Nilikuwa nimeshaona sufuria moja na vijiko viwili.

Ilichukua mpaka asubuhi, nikiwa nafungua dirisha, ndipo akili ikaniuliza: na hili dirisha utalifungua saa ngapi?

Sikumwambia Kimani hilo swali. Nalikubali hapa. Ningemwambia wakati gani? Akiingia amechoka mpaka maneno yanamwanguka, akiamka ni kula na kuoga na buti. Kuna mambo yanahitaji mtu aliyelala ubavuni pako kwenye giza, asiyeona uso wako. Sisi hatuna hiyo saa.

Wiki ikapita hivyo. Mama Brayo akaja, na Mama Brayo hana siri. Ndiye anayewauzia chai wafanyakazi pale getini asubuhi, kwa hivyo kampuni ikifungwa yeye ndiye wa kwanza kulala njaa. "Hatusemi ifungwe," akaniambia. "Mimi nani? Tunasema iwe na adabu. Kuna mashine ya kunyonya moshi hapo juu ya tanuru, bwanako hajakuambia? Iko. Imelala tangu mwaka juzi. Wairekebishe kwanza ndio tuongee ya tanuru lingine. Na wewe ndiye utasema kwa mkutano wa chifu, maana wewe ndiye uko na mtoto wa mashine ya mvuke. Mimi nikisema wataniuliza kama sitaki kuuza chai."

Nilimuuliza Kimani kuhusu hiyo mashine nikimpakulia ugali. Akasema, "Iko." Akala. Kisha akasema, "Sisi hatujui kukohoa, tumezoea." Hapo mazungumzo yakaisha, gari la kampuni lilikuwa linapiga honi.

Jana asubuhi basi ndio ulikuwa huo mkutano wa tanuru la pili. Hema mbili, viti vya plastiki, soda na mkate kwa kila mtu. Kampuni ilikuwa imewaleta wafanyakazi kwa gari moja kwa moja kutoka kazini, wakiwa na ovaroli, wakakalishwa upande mmoja ili waonekane ni wengi. Kimani alikuwa safu ya tatu. Macho mekundu, helmeti magotini. Hakuniambia kuwa atakuja, na mimi sikumwambia kuwa nitasimama. Tukaangaliana hivyo, kama watu waliokutana stendi.

Meneja aliongea vizuri, kwa upole. Kazi, barabara, darasa jipya la shule ya msingi. Vijana wakapiga makofi. Mzee mmoja akauliza kama hilo darasa litakuwa na madirisha ya kufungua, watu wakacheka, meneja pia akacheka. Mama Brayo akatoa shuka lake jeupe aliloliacha kwenye kamba usiku makusudi, akalikunjua, limejaa vumbi jeusi. Kijana mmoja wa ovaroli akaita kutoka nyuma, "Mama Brayo, hiyo ni ile unachujia chai." Alicheka mpaka akashika kiti. Hata Mama Brayo alicheka. "Ndiyo hiyo," akamjibu, "na umeinywa asubuhi."

Kisha chifu akasema, "Mama wa mtoto mgonjwa yuko wapi?"

Nilisimama na Nyambura kiunoni. Nilikuwa nimepanga maneno yangu kichwani usiku kucha, yalikuwa mazuri. Nikapewa kipaza sauti. Nikakishika chini kidogo, karibu na uso wa mtoto.

Na mtoto hapo ndipo akamwona baba yake.

Aliinuka kiunoni mwangu akaangalia zile hema zote, watu wote wale wanaokunywa soda na kucheka. Akaweka kidole mdomoni. Na kipaza sauti kikabeba kinong'ono chake mpaka barabarani:

"Shh. Nyamazeni. Baba amelala."

Watu waliangua kicheko. Mimi pia nilitaka kucheka, si ni mtoto. Vijana wa ovaroli wakamgusa Kimani mabega, "Amka, mzee, umeonwa." Lakini yeye hakucheka. Alikuwa anamwangalia Nyambura kwa macho yaliyofunguka kabisa, yuko macho, amekaa wima, mchana kweupe, na mtoto bado ana kidole mdomoni akimlinda usingizi. Kicheko kikaanza kupungua kutoka kwa akina mama, maana wao ndio walielewa kwanza. Wengi wao wana watoto kama huyo. Kisha safu za ovaroli nazo zikanyamaza, mtu mmoja mmoja. Mwishowe ikabaki sauti ya hema ikipigwa na upepo.

Yale maneno yangu yote yakawa yamepotea.

Nikasema tu yaliyokuwepo. Nilisema huyu mtoto anamjua baba yake akiwa amefumba macho. Nilisema nataka hilo tanuru la pili kuliko mtu yeyote aliyekaa hapa, kuliko hata meneja, kwa sababu likijengwa nitalala na bwanangu usiku kama watu. Akina mama wakaguna, mmoja akasema "wuui", mimi nikaendelea, aibu ilikuwa imeshapita. Nikasema lakini mchana ndio huyu mtoto anapumua. Na sitampa mchana wake ili mimi nipate usiku wangu.

Chifu akasema, "Mama, hatujakuelewa. Unataka ama hutaki?"

"Nataka," nikasema. "Lakini ile mashine ya kunyonya moshi iwake kwanza, tuione ikifanya kazi, sio kuambiwa. Kabla ya hapo mimi niandikeni hapana."

Nikaketi.

Baadaye wengine waliandikwa hapana, wengine ndiyo. Meneja akasema watalitazama jambo hilo. Sijui kutazama kwao huchukua muda gani. Wafanyakazi wakapanda gari lao. Kimani hakugeuka, na jioni alivaa buti akaondoka.

Nikalala na shimo langu. Nikafikiri, sasa hata kitanda kitapoa.

Asubuhi ya leo amerudi na mkate. Jumapili huwa haleti kitu. Akaketi kwenye ndoo iliyofunikwa, hakuvua buti. Akasema sapavaiza amemwambia kundi la mchana, likija, watachukua watu ambao wake zao hawana midomo. Alilisema kama utani, akiigiza sauti ya sapavaiza. Sikucheka, naye akaacha kuigiza.

"Ungeniambia kwanza," akasema.

"Saa ngapi, Baba Nyambura?"

Akafikiri. Nilimwona akitafuta kweli, akipitisha siku nzima kichwani, asubuhi, mchana, jioni, akitafuta hiyo saa ambayo ningemwambia. Hakuipata. Akainama akaanza kufungua kamba za buti.

"Ile mashine," akasema akiwa ameinama, "haitaki mambo mengi. Ni feni iliungua na mifuko ya kuchujia ikaisha. Tumekuwa tukisema huko ndani, hakuna wa kutusikiza." Kisha akasema, "Wengine wamesema leo asubuhi kwamba wataandika hapana pia. Watu wa tanuru. Sijui kama wataandika."

Hakuniambia kama yeye ataandika. Sikumuuliza. Nimejifunza kwamba Kimani ukimsukuma anasimama, ukimwacha anatembea.

Lakini hakuingia kulala. Hicho ndicho nilitaka kuandika, nimezunguka sana kufika. Aliingia ndani akamchukua Nyambura, akatoka naye hapa nje na macho yake mekundu, akakaa naye chini karibu na sumaku. Mtoto akamwonyesha kwa kunong'ona, "Paka."

"Sema kwa nguvu, maitũ. Sijalala."

"Paka," kwa kunong'ona.

"Tazama macho yangu. Nimelala?"

Akamgusa kope na kidole, moja, kisha nyingine, kama mtu anayeangalia kama mahindi yameiva. Akatikisa kichwa. Akanitazama mimi, kuniuliza ruhusa. Mimi nilikuwa na sabuni mpaka viwiko. Nikamwambia piga kelele, mami, leo inaruhusiwa.

Alivuta pumzi, ile filimbi ikalia kifuani, na akaita "BABA" kwa sauti kubwa hata Mama Brayo, aliyekuwa anafunga kitambaa cha kanisa, alitoa kichwa mlangoni akauliza nani ameumia.

"Hakuna," Kimani akasema. "Nimeamshwa tu."

Waliita hivyo wawili, huyu Baba, yule Maitũ, mpaka mtoto akaanza kukohoa na nikamletea maji ya moto. Sasa wamelala, wameanguka kama magunia. Kimani amejibana upande wa ukuta, upande wangu. Nyambura yuko pembeni, mguu mmoja juu ya baba yake. Katikati wameacha nafasi, si kubwa.

Sijui kama nimempotezea bwanangu wiki za mchana ambazo sikuwahi kuzipata. Sijui kama hiyo feni itanunuliwa, au kama jana itakuwa tu siku tuliyokunywa soda. Nimeshajiuliza kama ningeweza kunyamaza, na jibu ni hapana, na nikijibu hapana bado namtamani. Yote mawili yanakaa pamoja ndani yangu na hayagombani tena.

Jua limejaribu kutoka kidogo. Jioni gari litapiga honi. Nguo zimeloweka, na ziendelee kuloweka.

Nafungua dirisha lote. Naenda pale katikati.